Mikono Laini, Masikio ya Mto

Jino la Régis Fanget lilimlaki Inspekta Vaganay kabla mtu yeyote hajampa mkono. Lilitoka mlangoni mwa mkahawa, likaruka ngazi za mawe, likatua juu ya kiatu chake na kutulia hapo. Nyuma ya jino akaja mwenyewe, ametanguliza uso, na nyuma yake ikamwagika nusu ya Serbières, wengine bado wana vitambaa vya kulia chakula shingoni.

"Mshikeni miguu," mtu alisema. "Mto ulimpokea mzee, na huyu utampokea."

Vaganay alikuwa ameshuka kwenye treni punde tu, hajanywa hata kahawa, na bila kahawa hakuwa na dini. Alimruka Régis, akalitazama kundi, akachagua jitu lililozidi wengine wote kwa mapana, akaliwekea bastola sikioni.

"Wewe ndiye unayeongoza kwaya hii?"

"Mimi ni Théodore Chavas, nahodha wa wacheza mikuki ya mashuani. Aliyeuawa ni mjomba wangu, tumbo moja na mama yangu. Toa hicho kidude, bwana. Sikio langu linashika baridi upesi."

"Nitakitoa ukitoa buti lako kwenye mkono wake."

Théodore alilikandamiza kidogo zaidi kabla ya kuliinua, kama mtu anayezima sigara, na vidole vya Régis vikatoa sauti ya njugu zinazobanjwa.

"Matako ya ngozi nyinyi," Régis alisema kutoka chini, kwa tusi la kale la mabaharia wa mto, akitema damu. "Wote mkijumlishwa hamfiki mwanamume mmoja."

"Kijana," Vaganay alimwambia, "mimi ndiye rafiki pekee uliye naye hapa, na nimeanza kukuchoka. Nyamaza."

Koplo Bouchet, askari pekee wa Serbières, alijitokeza sasa kwa kuwa bastola ya mwenzake ilishatangulia. Wawili hao walimburuta Régis hadi bohari la mikuki ya mashindano, jumba la mawe kando ya mto, wakamfungia humo. Théodore aliwafuata hadi kizingitini na watu wake nyuma.

"Mzee Claudius alimtaja muuaji wake," alisema. "Mama Philomène kamsikia kwa masikio yake. Alilia 'Himaya! Himaya!', kisha kimya. Sasa, bwana mkubwa wa Lyon, mtu wa Himaya aliyelala upande huu jana usiku ni nani? Huyu. Na Jumapili, mjomba, mwamuzi wa mashindano, alipoamua kuwa huyu kaangusha mkuki, nani alimwambia mbele ya kijiji kizima kuwa atamvunja shingo? Huyu huyu. Hesabu ya mtoto wa chekechea."

"Basi nipe muda niifanye kwa vidole. Mimi si mwepesi."

"Muda unao mpaka kengele ya saa sita. Ikilia, tunaingia."

Vaganay alimtazama Bouchet. Bouchet alitazama viatu vyake mwenyewe.

Yafaa kusema kwamba tangu Lyon hadi baharini, watu wa Rhône hawana kulia wala kushoto. Ukingo wa magharibi, ilipo Serbières, ni Ufalme, ukingo wa mashariki ni Himaya. Mfalme aliyeshika huku na kaizari aliyeshika kule walishaoza zamani, mpaka wao ukaoza pia, lakini mwite mtu wa Ufalme kwa jina la Himaya kisha ukatafute meno yako kwenye changarawe. Vaganay alilijua hilo kwa ngozi yake. Babu yake alikuwa nahodha wa mashua za mvinyo, na yeye mwenyewe alipigwa utotoni na watoto wa kingo zote mbili, kwa zamu.

Maiti ililazwa kanisani, kwenye benchi la mabaharia, chini ya sanamu ya Mtakatifu Nikolasi. Vaganay alifunua shuka. Mzee Claudius Mourier, mvushaji, alikuwa amepigwa kwa ubapa wa kasia katikati ya paji la uso, mfupa ukaingia ndani kama ganda la yai. Kisha mtu alichukua upondo, ule mti mrefu wenye kulabu ya chuma wa kusukumia mashua, akamfungua koo kutoka sikio hadi sikio. Kisha, kwa sababu ambayo Vaganay hakuipenda, aliiingiza kulabu ile mdomoni na kuung'oa ulimi.

"Muuaji alimwogopa huyu hata baada ya kufa," Vaganay alisema.

"Nini?" aliuliza Bouchet, ambaye alikuwa anaitazama dari.

"Paji la uso, Koplo. Si kisogo. Aliyempiga alikuwa mbele yake, na mzee alikuwa anamtazama. Mashua iko wapi?"

Ilikuwa imekwama kwenye fungu la changarawe, chini kidogo ya nguzo ya daraja lililolipuliwa wakati wa vita. Kivuko kikubwa cha waya kilikuwa kimefungwa, kwa kuwa mvua za milimani zilikuwa zimeujaza mto ukawa wa rangi ya kahawa ya maziwa, kahawa ile ile ambayo Vaganay alikuwa hajainywa. Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini. Maji yalikuwa baridi ya kukata pumzi. Mto huu huzaliwa na barafu na hausahau asili yake hata Septemba.

Damu nyingi ilikuwa kwenye tezi, nyuma ya mashua. Hapo pia palikuwa na kiko cha mzee, kimevunjika shina, na kasia fupi la usukani bado limo kwenye kishikizo chake. Kwa hiyo mzee alikuwa anashika usukani. Aliyekuwa benchi la katikati, anapiga makasia, alikuwa ameelekea tezi, uso kwa uso na mzee, kama kila mpiga makasia anavyokaa. Vaganay aliinua kasia moja, akalinusa, akaligeuza juani.

"Njoo uone mipini hii, Koplo."

"Naona damu. Mzee alikuwa na damu nyingi, maskini."

"Damu iliyoruka huwa ya matone. Hii imepakwa, imeuzunguka mti mahali vidole vinaposhika, na makasia yote mawili sawa. Mtu huyu alivuja viganja. Alipiga makasia mpaka malengelenge yakapasuka." Akapanda juu ya mchanga, akivaa viatu bila soksi. "Twende tukamshike mkono mshtakiwa wetu."

Régis alikuwa amekaa juu ya rundo la mikuki, anaubembeleza mkono uliokanyagwa. Vaganay aliuchukua ule mzima, akaufungua. Kiganja kilikuwa kama soli ya buti. Alikikwaruza kwa kucha, kisha akatoa kisu kidogo akakigusa kwa ncha. Régis hata hakupepesa jicho.

"Unapiga makasia tangu lini?"

"Tangu kabla ya kutembea. Kwani unataka kunioa?"

"Una bahati mbaya ya sura tu. Jana usiku ulilala wapi?"

Kijana aliuvuta mkono wake. Uso uliokuwa umevimba ukazidi kuvimba kwa namna nyingine.

"Kwa mwanamke," Vaganay alisema. "Wa upande huu. Nani?"

"Nikisema, Théodore ataniua mara mbili."

"Dada yake?"

"Sijasema kitu."

"Hujasema. Kaa hivyo hivyo." Vaganay alisimama. "Siku moja nitawauliza wazee wako walikulisha nini. Kutukana watu wa Ufalme mchana na kulala nao usiku, hiyo ni kazi ya watu wawili."

Régis alicheka, akajishika mbavu, akaacha kucheka. "Inspekta. Utarudi kabla ya kengele?"

"Nitarudi."

Mama Philomène alikuwa mtoni, anafua, kama alivyokuwa asubuhi ile. Mwanamke mfupi, mikono myekundu, aliyepigapiga shuka juu ya jiwe kana kwamba limemkosea.

"Kulikuwa na ukungu, mwanangu. Sikuona hata kidole changu. Nilisikia tu makasia, halafu sauti ya Claudius: 'Himaya! Himaya!'"

"Alilia, mama, au aliamuru?"

Rungu lake la kufulia likasimama hewani. "Aliamuru. Kama unavyomwambia mbwa akae."

"Na baada ya hapo kimya."

"Nani kakwambia kimya? Baada ya hapo alicheka."

Vaganay alichuchumaa karibu naye. "Alicheka."

"Kwa nguvu. Halafu akasema jina, sikulipata vizuri, maji yanapiga kelele pale kwenye nguzo. Jina la mtu, kama unamkuta rafiki sokoni. Halafu ndiyo nikasikia kishindo, na kingine, na ule mlio..." Alipiga shuka mara moja, bila nguvu. "Sitaki kuusema mlio ule."

"Mbona hukuwaambia hayo mengine?"

"Nilianza kuwaambia. Niliposema 'Himaya' tu, wanaume wote wakaondoka mbio. Ningemwambia nani, samaki?"

Vaganay alikaa pale akiyatazama maji yanavyozunguka nguzo iliyovunjika. Mtu wa Paris, mtu wa Marseille, angesikia neno lile na lisingemwambia chochote. Walihitajika watu wa mto huu, wenye chuki ya mto huu, kusikia tusi mahali palipokuwa na amri. Maana ndivyo mshika usukani anavyomwambia mpiga makasia: Himaya, yaani peleka omo, ile pua ya mashua, mashariki; Ufalme, peleka magharibi. Mzee aliona mkondo unawavuta kwenye nguzo akapiga kelele ya kazi, ile aliyoipiga maisha yake yote. Na abiria wake akatii.

Hapo ndipo mzee alipocheka. Alikuwa amembeba mtu anayejifanya mgeni, na mikono ya mgeni ikajua Himaya ni wapi.

Kwa hiyo muuaji alikuwa na viganja laini vya mtu wa ofisini na masikio ya mtoto wa mto. Vaganay aliinuka, akatikisa suruali. Sasa alihitaji tu kumpata mtu anayeficha mikono.

Mtu huyo alikuwa mkahawani, kwenye baraza, anakula dagaa wa kukaangwa kwa glavu za ngozi.

Bwana Lucien Carrel alikuwa wakala wa kununua mashamba ya mabondeni, kwa ajili ya bwawa ambalo wakubwa walisema litajengwa. Shavu lake la kushoto lilikuwa na kovu la moto lililovuta jicho chini, na Kifaransa chake kilikuwa cha Paris tupu, kila neno limepigwa pasi. Ndiye aliyemwambia Koplo Bouchet kwamba alfajiri alimwona Régis anakimbia ukingoni na upondo mkononi.

Vaganay alijikaribisha kwenye kiti, akachukua dagaa mmoja kutoka sahani isiyo yake. "Kuna watu wawili wanaokula samaki kwa glavu," alisema. "Wa pili ni daktari wa maiti."

"Ngozi yangu ni nyepesi, Inspekta. Ni hili hili la moto." Carrel aligusa shavu. "Bomu la Waingereza."

"Pole. Nipe mkono basi."

Alimpa. Vaganay aliubana kwa moyo wote, kama wanavyosalimiana wauza ng'ombe, na akaona shavu zima linaungana na shavu bovu kwa maumivu.

"Naona kazi imekuchubua."

"Nagongelea vigingi vya mipaka siku nzima. Nyundo haijanizoea."

Jibu zuri. Hata hakimu angelikubali. Malengelenge si ushahidi. Nusu ya nchi ilikuwa inavuna zabibu na nusu hiyo ilikuwa na malengelenge. Vaganay alikula dagaa mwingine.

"Ulimwona Régis ukiwa umesimama wapi?"

"Ng'ambo. Karibu na mierebi."

"Kwenye ukungu?"

"Ulifunguka kidogo."

"Una bahati na ukungu. Hakimu atataka kujua palipo, na mimi ni mtu wa kuchora ramani mbaya. Twende unionyeshe kutokea majini. Nimeazima mashua."

"Mto ule?" Carrel alicheka kwa pua. "Mimi ni mtu wa nchi kavu. Siogelei."

"Hata mimi. Kwa hiyo hatutaanguka." Kisha, kwa sauti ya chini, "Bwana Carrel, kule bohari kuna watu wanataka kumtoa kijana utumbo. Ushahidi wako ukinyooka, namwachia hakimu na naondoka. Ukipinda, itabidi nilale hapa wiki nzima nikimuuliza kila mtu alikuwa wapi wakati wa vita, kwa kuwa sijui kuuliza kitu kingine."

Carrel alikunja kitambaa chake cha kulia katika pembe nne, taratibu, akakiweka kando ya sahani.

"Twende," alisema.

Mgongo wa Vaganay ulianza kuuma ghafla walipofika majini, kwa hiyo yeye alikaa tezi na usukani, na Carrel akapewa makasia. Alikuwa mwigizaji mzuri. Alilichomeka kasia moja chini mno na jingine akalipitisha hewani, akamrushia Vaganay maji ya uso, akaomba radhi kwa Kifaransa kilichopigwa pasi. Mashua ilikwenda kama mlevi. Mkondo uliwachukua kutoka ufukweni na kuwashusha, na kelele ya nguzo ikaanza kukua.

"Mierebi yako iko wapi?"

"Kule. Nyuma yako kidogo."

Vaganay aligeuza kichwa kuitazama, na mkono wake ukauachia usukani. Hakujifanya kuuachia, aliuachia kweli, maana mtu wa mto huhisi mashua kwa makalio, na mashua ya uongo ingetambulika. Omo likageukia nguzo. Maji yalikuwa yanapanda juu ya jiwe lile na kumwagika pande zote mbili, meupe, na chini yake vyuma vya daraja vilikuwa vimechomoza kama mbavu. Carrel aliipa nguzo kisogo. Alikuwa anaisikia tu.

Vaganay alingoja. Alingoja mpaka matone ya nguzo yakamgusa usoni. Kisha akaamuru, si kwa kelele ya hofu, bali kwa sauti ya babu yake.

"Himaya!"

Carrel hakugeuka kutazama. Hakuuliza. Kasia la upande wa Ufalme lilizama kwa kina chake kamili, mgongo ukanyooka, miguu ikasukuma ubao, na kwa mvuto mmoja mrefu, safi, wa kupendeza kuutazama, omo likageuka mashariki. Nguzo ikapita kando yao, karibu kiasi cha kuwakwangua rangi. Kisha wakawa kwenye maji yaliyotulia, na makasia mawili yakawa yanadondosha maji, na Carrel akawa anayatazama kama vitu alivyowekewa mikononi na mtu mwingine.

"Ni mvuto mzuri," Vaganay alisema. "Nani alikufundisha?"

Carrel aliyalaza makasia magotini. Kisha ile pasi ikatoka kwenye maneno yake, na kilichobaki chini yake kilikuwa lafudhi ya Serbières, nene kama tope.

"Yeye. Claudius. Nilikuwa kijana wake wa mashuani." Alivua glavu kwa meno, moja baada ya nyingine. Viganja vilikuwa vyekundu, vimechunika. "Alinifanyia hivi hivi leo. Sijui kama alikusudia. Halafu akacheka, yule mzee mjinga. Akasema, 'Ferréol, ni wewe.' Alifurahi, unaelewa? Kwa dakika ile alifurahi. Halafu nikaona anaanza kukumbuka."

"Kukumbuka nini?"

"Nani aliwaongoza Wajerumani hadi kisiwa cha matete walikojificha vijana. Mwanawe alikuwa mmoja wao."

Kutoka ukingoni ikaja kengele ya kanisa. Saa sita. Vaganay aligeuza macho, na hilo lilikuwa kosa.

Kasia lilimjia ubapa, kwa ile njia lililomjia mzee. Aliinua mkono, na mfupa wa mkono ukavunjika badala ya paji la uso. Bastola ilikuwa upande uleule. Carrel alikuwa ameshasimama, amejiweka sawa kama paka, mtu asiyejua kuogelea, na pigo la pili lilimpata Vaganay mbavuni na kumlaza kwenye maji ya ndani ya mashua. La tatu lingemmaliza. Aliushika mguu wa Carrel kwa mkono mzima akaung'ata juu ya kisigino, akang'ata mpaka meno yakakutana na kitu kigumu kama kamba, na kamba ikakatika. Carrel alipiga ukelele na kumwangukia. Vidole vyake vilivyochunika vilitafuta macho, kimoja kikapata kona ya jicho na kuanza kuchimba. Vaganay alipapasa chini, akapata kopo la bati la kuchotea maji, akampiga nalo kwenye kovu. Akapiga tena. Bati likajikunja, akageuza ukingo wake uliopasuka, akapiga kwa huo, na ngozi ya shavu lile ikafunguka hadi meno ya ndani yakaonekana. Alipiga mpaka mikono ilipomwachia jicho, kisha mara nyingine moja isiyokuwa ya lazima.

Walikuwa wameshuka mbali. Alimfunga Carrel mikono kwa kamba ya omo, akitumia meno na mkono mmoja, akampandisha kwenye benchi.

"Unayajua makasia," alimwambia, bastola sasa ikiwa mkono wa kushoto. "Vuta. Nikifika nimechelewa, nitakupiga risasi ya goti, kisha nyingine nitakayofikiria."

Mtu aliyefungwa mikono pamoja hupiga kasia moja tu, na kuupanda mkondo ule hata wawili hutoa jasho. Waliambaa ukingo, kwenye maji mafu, Vaganay akisukuma usukani kwa kifua. Kutoka bohari ilikuja sauti ya mti mzito unaogonga mlango. Kila pigo lilisikika mara mbili, mara moja kwenye mlango na mara moja kwenye mawe ya ng'ambo. Kisha ikaja sauti ya mlango unaokubali. Kisha kelele za wanaume. Kisha kelele za mwanamume mmoja.

"Vuta," Vaganay alisema.

"Navuta."

Walipogusa ardhi, kelele zilikuwa zimekwisha.

Koplo Bouchet alikuwa amekaa nje ya bohari, ameegemea ukuta, pua imelala upande, pingu zake mkononi kama mtu anayeuza. "Nilisimama mlangoni, afande," alisema. "Nilisimama kweli." Vaganay alizichukua pingu akapita, akimburuta Carrel aliyeruka kwa mguu mmoja.

Ndani, wanaume wa Serbières walikuwa wamejipanga kando ya kuta, kila mmoja akijaribu kuwa nyuma ya mwenzake. Mkuki wa mashindano huwa na meno mafupi ya chuma kwenye ncha, ya kushika ngao ya kifua. Régis Fanget hakuwa na ngao. Walikuwa wamemsimamisha ukutani na kumjia mbio, kama kwenye mchezo. Kifua chake kilikuwa kimeingia ndani. Macho yalikuwa wazi, yakitazama mlango.

Théodore alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jukwaa la mashindano lililohifadhiwa humo, mkuki umelala mapajani. Alimtazama Carrel, damu, shavu lililofunguka.

"Huyo nani?"

"Mwambie," Vaganay alisema.

Carrel aliwatazama mmoja mmoja. Alizungumza kwa shida, maneno yakitoka kwa njia mbili. "Ferréol Jullian. Unanijua, Théo. Tuliiba zabibu pamoja."

Hakuna aliyesogea.

"Lakini mzee alimtaja," Théodore alisema. "Alisema Himaya."

"Alikuwa anaongoza mashua."

Théodore alifungua mdomo. Vaganay alimwona akilipeleka neno lile kichwani, akilisikiliza upya, kwa sauti ya mjomba wake, juu ya maji, asubuhi. Na akaona mahali lilipotua. Mkuki ulibingirika kutoka mapajani, ukagonga sakafu. Mzee mmoja ukutani alivua kofia yake, kisha hakujua aiweke wapi.

"Nani wengine waliokimbia na mkuki?" Vaganay aliuliza.

"Mimi," Théodore alisema. "Andika mimi tu."

"Nitaandika ninachokiona, na nina siku nyingi za kuona. Simama."

Alisimama, akanyoosha mikono yote miwili mbele, mikubwa kama majembe. Vaganay aliufunga mmoja tu. Pingu zilikuwa jozi moja. Alimvuta Carrel kwa kola, akaibana pete ya pili kwenye kifundo chake, juu ya kamba, na chuma kikalia.

Théodore aliutazama mnyororo. Alijivuta kwa nguvu zote, na mkono wa Ferréol Jullian ukamfuata, ukaanguka juu ya wake, mwekundu, umechunika, wa moto. Alijaribu kuukung'uta. Haukukung'utika.

"Taratibu," Ferréol alimwambia, kwa lafudhi ya nyumbani, karibu kwa upole. "Mwanzoni unaona watu wote wanakutazama. Utazoea."

Nje, mwanamke alikuwa ameanza kuliita jina la Régis, na sauti yake ilikuwa ya ukoo wa Chavas. Théodore aliitambua. Alikaa chini, mzima mzima, kama gunia, na mwenzake akalazimika kukaa naye.